Tiketi ya Umra ya mama imejaa herufi tupu: HK2, HL2, 2PC, TKTL... wenye kujua nisaidieni

#1 MtotoWaKikwajuni (Jumatatu, saa 2:10 usiku)

Assalaam alaykum jamaa zangu. Mama na shangazi wanakwenda Umra mwezi huu inshaallah. Wakala katurushia karatasi kwa WhatsApp, kasema "mambo yote tayari", simu kaizima. Mimi ndiye niliyesoma nyumbani, kwa hivyo wote wananitazama mimi. Nami natazama hii karatasi kama mbuzi aliyeoneshwa msahafu. Majina, shirika na kituo cha kubadilishia ndege nimevifuta, sehemu zenyewe ni hizi:

K 14AUG 5 ZNZ... HK2 0015
K 26AUG 3 JED... HL2 1140
2PC
TKTL05AUG

ZNZ nimeijua ni uwanja wetu wa Kisauni, Unguja, JED ni Jiddah. 0015 nimeelewa ni saa sita na robo usiku, si mjinga kiasi hicho. Teksi nimeshaiagiza Ijumaa tarehe 14, saa tatu usiku, tukae tunangojea. Lakini hiyo 5 na 3 ni nini? Jumatano na Jumatatu? Mbona tarehe 14 ni Ijumaa? Na 2PC ndiyo iliyonimaliza kabisa. Mama hata simu ya kupapasa hajui, kompyuta mbili za nini?

#2 Wawi_PMA

Kompyuta mbili 😂😂 Mwambie mama moja aniletee mimi Pemba.

#3 AmiKaunta

Wa alaykum salaam mwanangu. Nimekaa ofisi za tiketi na kaunta miaka mingi, tangu zile tiketi za vitabu zenye kaboni nyekundu nyuma zinazokuachia wino vidoleni. Nitakujibu zote, lakini kabla ya lolote: BADILISHA TEKSI. Usingoje asubuhi.

Tarehe 14 saa 0015 ni dakika kumi na tano tu tangu siku hiyo ianze kwa saa za ndege. Maana yake mama anatakiwa awe Kisauni ALKHAMISI usiku, tarehe 13. Ukimpeleka Ijumaa saa tatu usiku, hiyo ndege itakuwa imeshaondoka karibu saa 21 nyuma, na mama angeshakuwa Makka zamani. Nimewaona watu wazima na masanduku yao wakilia pale kaunta kwa hii hii 0015. Hakuna mwaka iliokosa kumpata mtu.

Hiyo 5 ni siku ya wiki. Mashirika yanahesabu Jumatatu kuwa ya kwanza, kwa hivyo 5 ni Ijumaa na 3 ni Jumatano. Umechanganyikiwa kwa sababu wewe Mswahili unahesabu sawasawa: kwetu siku ya kwanza ni Jumamosi, Jumatatu ni ya tatu na Jumatano ni ya tano, jina lenyewe linasema. Wao wanahesabu yao, sisi yetu. Siku zote soma tarehe kwanza, nambari ya siku iwe ya kuhakikishia.

#4 MtotoWaKikwajuni

Subhanallah. Ami nimetoka jasho. Nishampigia wa teksi. Na unajua kilichonichoma? Mama tangu wiki iliyopita ananiambia "tunaondoka usiku wa Ijumaa", nami namwitikia "ndiyo mama, Ijumaa usiku, nishaagiza gari". Nikajiona nimeshamaliza kazi.

#5 AmiKaunta

Mama yako kasema kweli, wewe ndiye uliyemtafsiri vibaya. Kwa wazee wetu siku inaingia magharibi. "Usiku wa Ijumaa" ni ule unaosomwa Yasini, yaani Alkhamisi jua likishatua. Ndege ya 0015 Ijumaa imo ndani ya usiku wa Ijumaa vilevile kama anavyousema yeye. Wazee hawakosei hapa, wanaokosea ni nyinyi wa "Ijumaa usiku".

Sasa hayo mengine. 2PC ni vipande viwili vya mzigo kwa kila mmoja. Kwa daraja la kawaida kipande huwa kilo 23, hakikisha kwa wakala. Ingekuwa 30K ingekuwa kilo 30 kwa jumla, ugawe utakavyo. Hivi viwili si kitu kimoja! Kwenye 2PC huwezi kufunga begi moja kilo 30 na jengine 16 useme jumla ni 46. Lile la 30 utalipishwa. Na begi moja likipindukia kilo 32 kaunta nyingi hawalichukui kabisa, hata ulipe, kwa sababu kuna binadamu analinyanyua kwa mgongo wake.

K ya mwanzo ni chungu cha bei. Viti vya daraja la kawaida ni vilevile, lakini shirika linavigawa kwenye vyungu vyenye herufi: Y kwa kawaida ndiyo bei kamili, halafu B, M, H, K, Q na kuendelea, kila shirika na mpangilio wake. Ni kama changu pale Darajani, samaki yule yule, bei ya asubuhi si bei ya jioni. Tofauti utaiona ukitaka kubadilisha tarehe au kurudishiwa pesa. J ni ya wakubwa wa mbele, F ya wakubwa zaidi.

HK2 ni nafasi mbili zimeshikwa na zimethibitishwa. Hiyo ndiyo unayotaka kuiona siku zote, na nambari ilingane na idadi ya wasafiri.

HL2 siipendi. HL ni orodha ya kungojea. Yaani mama na shangazi kwenda wana nafasi, KURUDI HAWANA. Wamewekwa foleni, akitoka mtu ndio waingie.

Na TKTL05AUG ndiyo iliyonifanya niandike usiku huu badala ya kulala. Hiyo ni siku ya mwisho ya kukata tiketi. Tarehe 5, keshokutwa! Nafasi zimeshikwa tu, tiketi haijakatwa. Ikipita bila kukatwa mfumo unazifuta wenyewe, haumuulizi mtu. Angalia karatasi yote, kuna nambari ya tarakimu 13? Tatu za mwanzo ni za shirika: 071 ni Ethiopian, 706 Kenya Airways, 157 Qatar, na kadhalika. Kama haipo, mwanangu, ulicho nacho si tiketi.

#6 MtotoWaKikwajuni

Hakuna tarakimu 13. Kuna herufi sita tu juu. Pesa tushatoa zote, na risiti ninayo. Asubuhi nakwenda kumkalia mlangoni.

#7 AmiKaunta

Hizo sita ndizo PNR, faili la safari yao. Nenda na risiti, na zungumza kwa upole. Unachotaka ni nambari ya 13, si ugomvi. Mwambie neno hili tu: "nataka HK kurudi, na nataka nambari ya tiketi." Akishajua unajua, atakaa sawa.

#8 BintiMalindi

Ami, Mungu akuweke. Naongeza ya kwetu, maana Wazanzibari inatupata sisi khasa kwa sababu ya boti.

Kaka yangu alikuwa na tiketi inaanzia ZNZ, inabadilisha ndege DAR, halafu nje. Wiki ile kulikuwa na harusi Dar. Akaona kwa nini arudi Unguja kupanda ndege ya kumrudisha Dar? Akabaki, siku ya safari akenda zake Uwanja wa Nyerere, kaburudika, na keki ya harusi mkononi. Kaunta wakamwambia safari yako yote imefutwa. Kipande cha kwanza ZNZ–DAR aliandikwa hakutokea, na ukikosa kipande cha kwanza mfumo unaangusha vyote vilivyobaki, mpaka kurudi. Alinunua tiketi mpya pale pale, kwa bei ya siku hiyo. Ile keki tuliila sisi.

Sasa hivi tukitaka kupanda Dar na kushukia Unguja, au kinyume chake, tunamwambia wakala tangu mwanzo. Katikati anaweka kipande kinaitwa ARNK. Wenyewe wanakisoma "arank". Maana yake abiria anafika huko kwa njia isiyojulikana na shirika. Hahaha, njia isiyojulikana! Boti la saa moja asubuhi kutoka bandarini, watu wanatapika, lote hilo kwao ni ARNK.

#9 Wawi_PMA

Yakhe BintiMalindi, "njia isiyojulikana" nimecheka mpaka nimemwaga chai.

Ya Pemba sasa. Uwanja wetu ni PMA. Kuna Pemba nyengine Msumbiji na uwanja wake ni POL, kwa sababu mji ule wakoloni wa Kireno waliuita Porto Amélia, jina likaondoka herufi zikabaki. Mgeni wangu mmoja alinunua tiketi "ya Pemba" mtandaoni, akanitumia picha na furaha zake. Natazama, POL! Nikamwambia ndugu yangu, ukishuka hapo mie sikupokei, kuna mpaka wa nchi baina yetu. Alipoteza pesa za kubadilisha lakini hakupotea yeye.

Na tag ya begi ni hivyo hivyo. Ikishafungwa, soma zile herufi tatu kubwa wewe mwenyewe kabla halijapita kwenye mkanda. Mimi nafanya kazi ya mizigo, nakwambieni begi haliulizi njia.

Jengine: hivi vindege vidogo vya Pemba na Unguja mara nyingi ni tiketi mbali, PNR mbali. Caravan ya watu kumi na kidogo, kilo 15, wakati mwengine na wewe mwenyewe unapandishwa mizani, usione haya. Ukichelewa kwa mvua ukaikosa ndege kubwa, yule mkubwa hana habari na wewe, maana katika faili lake hukutokea Pemba, umeanzia Unguja. PNR moja wanakubeba, PNR mbili unajibeba. Acha nafasi ya kutosha, tena lala Unguja kama una jamaa.

#10 Mfenesini_Ughaibuni

Uzi mzuri huu. Mimi nasafiri kila mwezi kwa kazi, nimo kwenye magrupu ya wale wanaohesabu maili (pointi unazopewa na shirika kila ukiruka), na huko kuna lugha yao wenyewe kabisa, hizi za Ami ni za ofisini.

Kwa mfano wao husema "chuma". Umenunua tiketi yenye namba ya shirika A, lakini ndege yenyewe ni ya B kwa sababu wameshirikiana. Wao huuliza, "umeruka na chuma cha nani?" Hilo lina maana, kwa sababu sheria ya mzigo na maili hufuata chuma au namba kulingana na mkataba wao.

MR kwenye tiketi ni Bwana. Kwenye magrupu MR ni safari ya maili: mtu anaruka asubuhi, anafika, hatoki hata nje ya uwanja, anarudi na ndege hiyo hiyo, ilimradi apate pointi za kubaki daraja la dhahabu kabla mwaka haujaisha. Wallahi wapo, nimekaa nao.

Kupandishwa daraja bila kulipa, kwa sababu nyuma kumejaa na mbele kuna viti, nako kuna jina lake, "op-up". Usimuombe mtu wa kaunta akupandishe eti kwa sababu umevaa vizuri. Wanaanza na wenye kadi.

Wale wanaojazana mlangoni kabla hata hawajaitwa wanaitwa chawa wa geti.

#11 Wawi_PMA

Huku chawa ni mwengine kabisa, huyo hajazani getini, anajazana kwa mheshimiwa 😂

#12 NgalawaKwanza

Haya mambo ya maili mimi naona ni kupotezeana wakati. Mtu anasafiri mara moja kwa miaka miwili, anajaza fomu za kadi tano, kila shirika kadi yake. Nina maili elfu tatu na kitu hapa, elfu mbili na kitu pale. Mwisho zimekufa zote. Nilichopata ni barua pepe za kunitakia siku ya kuzaliwa.

#13 Mfenesini_Ughaibuni

Sheikh Ngalawa, umezitawanya ndio maana zimekufa. Usifungue kadi ya kila shirika, fungua moja ya kila ushirika. Ethiopian imo Star Alliance tangu Disemba 2011, pamoja na Turkish. Kenya Airways imo SkyTeam tangu 2010. Qatar imo oneworld tangu 2013. Ukiruka Ethiopian leo na Turkish mwakani unaweza kuziweka zote kwenye kapu moja, la yeyote kati yao. flydubai nayo hutumia kadi ya Emirates.

Lakini nakubaliana nawe nusu. Vyungu vya bei ya chini kabisa, alivyovieleza Ami, vyengine vinatoa maili kidogo sana au hakuna. Umbali ule ule, ndege ile ile, jirani yako kapata zote wewe umepata robo. Na tiketi ya "bure" ya maili utalipia kodi, na mashirika mengine wanakuongezea YQ. Hiyo YQ wanaiita ya mafuta. Mafuta yapande yashuke, yenyewe ipo.

Kinachonifaa mimi kwenye kadi ni mzigo. Dhahabu ya Star Alliance inakuongezea kipande kimoja au kilo 20, kutegemea na safari, na launji. Kwa mtu anayekuja likizo nyumbani na zawadi za ukoo mzima, hicho kipande kimoja kina thamani kuliko kiti cha mbele.

#14 NgalawaKwanza

Haya, hapo kwenye mzigo umenipata. Zile za zamani zinadaiwaje? Nina safari ya mwezi uliopita sikuandika namba ya kadi.

#15 Mfenesini_Ughaibuni

Kama ulikuwa mwanachama kabla ya safari, zinadaika, mashirika mengi yanakupa miezi kadhaa. Unahitaji nambari ya tiketi ya 13 na bodingi pasi. Ndio maana usitupe bodingi pasi mpaka maili ziingie.

#16 BintiMalindi

Wala usiibandike status! Mdogo wangu alipiga picha bodingi pasi, kikombe cha kahawa pembeni, "safari njema kwangu". PNR na jina la ukoo vinaonekana. Vitu hivyo viwili tu ndivyo tovuti ya shirika inavyouliza ili kulifungua faili. Rafiki zake kwa mzaha wakamhamishia kiti cha kurudi, akakaa katikati ya wanaume wawili wanene, saa saba. Hao ni rafiki. Adui angefuta safari.

#17 MwanafunziSUZA

Naomba kuuliza, msinicheke. Niliona mahali imeandikwa "MCT 1:00" nikadhani tunapitia Maskati saa moja, nikamwambia na mjomba aje kuniona uwanjani.

#18 AmiKaunta

Hahaha, maskini mjomba. MCT kama uwanja ni Maskati, kweli. Lakini MCT ya saa ni muda mdogo kabisa unaokubalika kubadilisha ndege katika uwanja fulani. 1:00 ni saa nzima. Ukikata tiketi mwenyewe kwa PNR mbili ukaweka dakika 45, hakuna wa kukuzuia, na hakuna wa kukuokoa.

Ziko nyingi za namna hii. TK ni Turkish Airlines, lakini TK ikikaa mahali pa HK maana yake saa za ndege zimebadilika, soma upya. Mtoto wa kiume anaandikwa MSTR, si kwamba ni mwalimu. INF ni mchanga, hana kiti, anapakatwa.

Mnauliza kwa nini hawaandiki maneno kamili? Zamani ujumbe wa kushika nafasi ulikwenda kwa waya, kutoka ofisi hadi ofisi, na kila herufi ilikuwa gharama. Mashirika 11 yaliungana mwaka 1949 wakaanzisha SITA ili wachangie mitambo hiyo ya mawasiliano. Lugha ikabanwa ikabanwa mpaka ikabaki mifupa. Waya umekwenda zake, mifupa tunayo. Hata tiketi ya karatasi ilikwisha katikati ya 2008, lakini HK bado ni HK.

Nyengine ya kwetu: majina. Sisi tuna jina, la baba, la babu. Pasi ya kusafiria inataka jina la ukoo, basi la babu linakwenda mbele. Tuseme Ali Khamis Juma, tiketi itasema JUMA/ALIKHAMISMR, yamegandana na MR nyuma. Hilo si kosa, wala usilipe mtu "kurekebisha". Kosa ni pale wakala alipoandika KHAMIS/ALI na kumwacha babu, wakati pasi inaye. Hapo rekebisha kabla ya siku ya safari, maana kaunta anasoma pasi na tiketi herufi kwa herufi. Mtoto wa Kikwajuni, umeyaangalia majina?

#19 MtotoWaKikwajuni (Jumanne, saa 10:40 jioni)

Nimerudi. Nilikuwepo mlangoni kwake tangu saa mbili asubuhi, kaja saa nne na nusu. Nikamsalimia, nikakaa, nikamwambia vile vile kama Ami alivyonifundisha: nataka HK kurudi, na nataka nambari ya 13. Alinyamaza kidogo akanitazama. Akaniuliza, "Wewe unafanya kazi uwanjani?"

Kumbe alikuwa anangojea dola ishuke ndio akate. Kazungusha kazungusha, simu mbili tatu, tarehe 26 kurudi hakuna nafasi, kapata 27. Nimempigia mama, kasema siku moja zaidi Makka nani anaikataa? Kakata mbele yangu. Karatasi mpya inasema HK2 kwenda, HK2 kurudi, na nambari mbili za tarakimu 13, moja ya mama moja ya shangazi. Nimeingia mwenyewe kwenye tovuti ya shirika na zile herufi sita, zipo.

Majina: la shangazi lilikosa H moja mwisho. Kalirekebisha, hakunidai kitu, nadhani alikuwa ameshanichoka.

#20 AmiKaunta

Alhamdulillah. Hapo sawa.

#21 Wawi_PMA

Na teksi?

#22 MtotoWaKikwajuni

Alkhamisi baada ya Isha. Nimemwambia mama, "Mama, gari inakuja usiku wa Ijumaa." Kanijibu, "Si ndivyo nilivyokwambia?"